Namna ya Kupaka Rangi Ndani ya Noah Bila Kumpaka Abiria wa Dongobesh

Mama mmoja alishuka Dongobesh na mkono mweusi hadi kwenye kiwiko. Alipanda Noah yetu Mbulu mjini akiwa na gauni la krimu, kilemba cha rangi hiyohiyo na kiroba cha vitunguu saumu. Akapewa kiti cha pembeni, akauegemea mlango kama kila abiria anavyouegemea. Jua likapanda, gari likapata joto, mlango nao ukaanza kumgawia ulichonacho.

"Konda, mwanangu, hiki ni nini?"

"Ni rangi mpya tu, mama. Gari limepakwa jana jioni."

"Sasa mbona na mimi nimepakwa?"

Gari zima likacheka, suka akacheka kuliko wote, mpaka mama alipogeuka tukauona ubavu mzima wa gauni. Alikuwa anakwenda kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Kicheko kikakatika papo hapo. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya gauni lile. Mafundi na masuka wa Mbulu na Hanang nitawatania, maana ni ndugu zangu na utani tumeuzoea, lakini gauni silitanii.

Tuanze kwa kuihurumia plastiki yenyewe. Noah za kwanza za Toyota zilitoka Japani mwaka 1996, na nyingi zinazopiga debe huku kwetu zina umri mkubwa kuliko makonda wake. Ziliundwa zipeleke watoto shule kwenye lami nyoofu. Leo zinateremka Magara kuelekea Mbuyu wa Mjerumani, zinapanda kutoka Dareda kwenda Dongobesh zikiwa zimejaa hadi mlangoni, zinabeba samaki wa Basotu, asali ya Yaeda Chini, mifuko ya saruji, na siku ya mnada zinabeba mbuzi ambaye hakuulizwa kama anapenda safari. Jua la nyanda za juu linaichoma dashibodi mpaka inapauka kama kisigino cha kiangazi. Magoti ya abiria yanausugua mlango kila kona. Vumbi jekundu la Mbulu linaingia kwenye kila mchirizi wa plastiki na kukaa humo kama limelipa kodi ya mwaka mzima. Kwa hiyo dereva anayetaka kulipendezesha gari lake ndani ana haki kabisa. Abiria anayelipa nauli anastahili kukaa mahali panapomheshimu.

Tatizo ni jinsi anavyofanya. Namjua yule suka anayenunua kopo la rangi saa kumi jioni, analitikisa mara mbili, anapuliza juu ya vumbi, juu ya mafuta, juu ya ganda la kitunguu lililoganda mlangoni, kisha saa kumi na mbili asubuhi yuko stendi anaita Babati. Huyo kalitilia gari kachumbari. Hilo ganda la kitunguu bado nalikumbuka. Lilikuwa na rangi nzuri sana.

Basi ng'oa kwanza. Paneli ya mlango haipakwi ikiwa mlangoni. Ukiipaka hapo hapo utapaka mpira, kioo, kitasa na kiti, na kingo zote zitabaki na rangi ya zamani kama kola ya shati iliyosahauliwa kufuliwa. Skrubu za mlango zimejificha nyuma ya kishikio na chini ya vifuniko vidogo unavyoweza kuvitoa kwa ukucha. Baada ya skrubu kuna klipsi za plastiki zinazoibana paneli kwenye bati, na hapo ndipo paneli nyingi za wilaya hizi mbili hufia. Fundi anachomeka bisibisi ya chuma, anabonyeza, kona inapasuka, naye anasema gari lilikuja hivyo. Kutumia bisibisi hapo ni mwiko. Tumia mwiko. Ndiyo, ule wa ugali, wenye ncha bapa, uliooshwa na kukauka. Mti haukwaruzi plastiki na unainua klipsi taratibu. Mwombe mama watoto kwa adabu na umnunulie mwingine, maana huo ukishaingia gereji haurudi jikoni.

Tena usiing'oe asubuhi na mapema. Plastiki yenye miaka ishirini na kitu, kwenye baridi ya Mbulu ya mwezi wa Juni, huvunjika kama biskuti. Liache gari lipigwe na jua hadi saa nne, paneli ipate joto na kulegea, ndipo uiguse. Klipsi na skrubu ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, kila mlango na kopo lake. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa nyaya za vioo. Huo ni ushauri mfupi, lakini umeniokolea siku nzima.

Paneli ikishatoka, igeuze usome nyuma. Watengenezaji huchapa herufi ndogo zinazotaja aina ya plastiki: PP ni polipropilini, ABS ni ABS, PVC ni ile laini inayofanana na ngozi. Herufi hizi ndizo cheti cha kuzaliwa cha paneli, na asiyezisoma anapaka rangi akiwa amefumba macho. Ikiwa zimefutika, kata kipande kidogo mahali pasipoonekana, kitie kwenye beseni la maji. Wahenga walituambia ukiona vyaelea vimeundwa. Kwenye gereji, ukiona vyaelea, ni polipropilini. ABS huzama. Ila kuna polipropilini iliyochanganywa unga wa mawe ya talki ili iwe ngumu, nayo huchapwa PP-T20 au namba inayofanana na hiyo, na huweza kuzama kama mwenzake. Kwa hiyo cheti kikiwepo, kiamini kuliko beseni.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu polipropilini haipendi kushikwa na kitu chochote. Ndiyo plastiki ya vile viti vya kukodi vya harusini. Chukua kiti kimoja kilichovunjika, kipake rangi ya mafuta, subiri kikauke, kisha kikwangue kwa ukucha. Rangi itatoka nzima kama ngozi ya nyoka. Wakemia Karl Ziegler na Giulio Natta walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 kwa kazi iliyotuletea plastiki za jamii hii, na sifa ileile inayofanya beseni lisishike uchafu ndiyo inayofanya mlango wa Noah usishike rangi. Dawa yake ni praima ya plastiki, ile angavu inayopulizwa kwanza, nyembamba sana, kabla ya rangi yoyote. Hii si praima ya bati. Fundi akikuambia ni yale yale, mwonyeshe kiti cha harusini.

ABS ni mpole zaidi, rangi humshika vizuri akishasuguliwa. Udhaifu wake ni kwamba huyeyuka. Ukimfuta kwa petroli au kwa tina kali ya kuchanganyia rangi, uso wake unalainika, unanata, na alama za vidole vyako zinabaki humo daima. PVC laini inataka rangi yake maalumu inayokunjika. Ukiipaka rangi ya kawaida, baada ya mwezi itapasuka kama tope la ukingo wa ziwa Balangida wakati wa kiangazi.

Sasa tumefika kwenye kuosha, na hapa nitakaa muda mrefu kwa sababu hapa ndipo gauni la krimu lilipoharibikia.

Bibi zetu wa Kiiraqw walikuwa wakishona sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga, kazi ya mikono inayotaka subira kubwa. Hakuna aliyeanza na shanga. Ngozi ilitangulia, ikaandaliwa hadi ikakubali sindano. Plastiki nayo inataka maandalizi hayo marefu, ila kwa kinyume kimoja muhimu: ngozi hulainishwa kwa mafuta, plastiki hufukuziwa mafuta. Na mafuta ya mlango wa Noah ni ya ukoo mpana. Kuna mafuta ya kujipaka ya abiria wa miaka ishirini, kuna samli, kuna chipsi, kuna jasho. Juu ya yote kuna ile dawa ya kung'arisha dashibodi ambayo masuka wanaipenda kuliko dizeli. Dawa hiyo mara nyingi ina silikoni, na silikoni ni adui wa rangi asiyesahau. Ukipuliza juu yake, rangi inajikusanya na kuacha vitundu vya mviringo kama macho ya samaki, yanakutazama, nawe huna la kuyajibu. Yeyote anayepanga kupaka rangi mwezi ujao aache kung'arisha leo.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa brashi ya meno iliyostaafu, ukifuata michirizi. Suuza. Osha tena. Mara ya tatu maji yakitoka bado yana wekundu, hilo ni vumbi la Mbulu linaaga kwa shingo upande. Endelea. Ikikauka, ifute kwa spiriti kwa kitambaa safi cha pamba kisichotoa nyuzi, ukigeuza upande wa kitambaa kila mara. Kitambaa kikichafuka ukaendelea nacho, unahamisha mafuta kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Kisha ufanye jaribio ambalo halina gharama: mwagia maji safi. Maji yakitanda kama shuka, paneli iko tayari. Yakijikunja na kuwa matone kama umande kwenye jani la kabichi, bado kuna mafuta, rudi kwenye sabuni. Wapo mafundi wanaoona aibu kuosha kitu mara tatu mbele ya mteja. Anayeosha mara tatu bila aibu, mimi ningemwona ndiye bingwa wa Katesh yote.

Baada ya hapo ni kusugua. Sehemu laini zisizo na mchoro tumia msasa wa maji namba 400 kisha 600, kwa mkono mwepesi, mpaka mng'ao ufe. Sehemu zenye mchoro wa ngozi usiziguse na msasa. Utakata vilele vya mchoro na kuacha madoa ya upara ambayo rangi haitayaficha. Huko tumia pedi ya kusugulia sufuria, na sabuni kidogo, ukizunguka. Lengo ni kuipa rangi mahali pa kukita mizizi. Ukimaliza, suuza, kausha, spiriti tena, na kuanzia hapo mkono mtupu usiiguse paneli. Hata wa mwenye gari anayetaka kuona tumefikia wapi. Hasa wa mwenye gari.

Kuhusu rangi gani, nina msimamo na sitauficha. Juu ya dashibodi, pale mbele ya kioo, paka nyeusi au kijivu cha mkaa, na iwe isiyong'aa kabisa. Anayetoka Babati alasiri kwenda Katesh na Singida anaendesha akielekea kule jua linakozama. Dashibodi ya krimu au yenye mng'ao inajitokeza kwenye kioo cha mbele kama pazia jeupe, na nyuma ya pazia hilo kuna ng'ombe wa mtu anavuka barabara. Nyeusi hupata joto zaidi, ni kweli, lakini joto hufungua dirisha na ng'ombe hafungui chochote. Milango na nguzo za pembeni unaweza kuzipa rangi ya moyo wako. Mashabiki wa Simba watataka nyekundu, wa Yanga watataka kijani na njano, na nimeona gari ambalo mlango mmoja ni wa huku na mwingine ni wa kule kwa sababu suka na konda hawakuelewana. Pakeni. Ila dashibodi iachieni macho ya dereva.

Kuna mahali pa kutokupaka, na hapa naomba wito wangu usikilizwe kwa uzito. Penye maandishi SRS AIRBAG pana mfuko wa hewa uliokunjwa nyuma ya kifuniko kilichotengenezwa kipasuke kwa namna maalumu siku ya ajali. Tabaka za rangi ngumu zinaweza kubadili namna kifuniko hicho kinavyofunguka, na kumrushia abiria vipande usoni. Usikipake, usikipige msasa, usikichomoe bila kujua unachofanya. Usukani nao uache, mkono wenye jasho utaula. Pedali ziache kabisa. Breki inayoteleza kwenye mteremko wa Magara hailipiki kwa urembo wowote.

Siku ya kupuliza ichaguliwe kama siku ya kuvuna ngano. Mvua zikiwepo, unyevu unaingia kwenye rangi na kuacha ukungu mweupe. Juni na Julai huko Mbulu baridi inalifanya kopo likose nguvu na kutema matone mazito. Liweke kopo kwenye maji ya vuguvugu dakika chache kabla ya kuanza, na yawe vuguvugu tu, unayoweza kuingiza mkono. Jikoni na kwenye makaa halikaribii, kwa sababu kopo hilo lina gesi inayowaka na litalipuka. Upande wa Hanang, adui ni upepo. Mlima Hanang una zaidi ya meta 3,400, na hewa ikianza kushuka kutoka kule inabeba vumbi, makapi na manyoya ya kuku, vyote vinatua kwenye rangi mbichi na kubaki kumbukumbu. Anza saa nne asubuhi, umalize kabla ya upepo wa alasiri. Mwagilia ardhi maji ulikamate vumbi. Kuku wafungiwe. Mtoto mmoja tu anayejua kazi abaki kufukuza nzi, na akae upande upepo unakotokea.

Puliza kutoka umbali wa sentimeta 20 hadi 30, mkono ukitembea muda wote, ukianza kupuliza nje ya paneli na kumalizia nje ya paneli. Tabaka la kwanza liwe jembamba mpaka lionekane kama halikutosha. Hapo ndipo kishawishi kinapomshika kijana, anarudia palepale, rangi inatiririka kama machozi. Mwache aone kuwa haijatosha. Subiri dakika kumi au kama kopo linavyosema, tabaka la pili, subiri, la tatu. Tabaka tatu nyembamba zinakauka hadi ndani. Tabaka moja nene linakauka juu na kubaki uji chini, na uji huo ndio unaosubiri joto la saa tano na mkono wa mama wa watu.

Kama unatumia kompresa na rangi ya kuchanganya na hadna, yaani dawa ya kuikaza rangi, hapo shika heshima. Hadna nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi, miwani, glavu, na mahali palipo wazi pande zote. Mafundi wengi hufunika pua kwa fulana ya zamani na kunywa maziwa jioni wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, huku kwetu tunayajua tangu utotoni, lakini hayafiki kwenye mapafu. Kwa milango minne ya Noah, rangi ya kopo isiyohitaji hadna inatosha, nayo pia ipulizwe nje na barakoa ikiwa usoni. Fundi aliyetupakia magari miaka thelathini anastahili kupanda ngazi bila kuhema.

Kisha kuna kungoja, na hapa ndipo masuka wanapougua. Baada ya saa moja rangi haishiki vumbi. Baada ya saa ishirini na nne unaweza kurudisha paneli, klipsi moja moja, kwa kiganja, ukisikia kila moja ikiitika. Lakini kukauka si kukomaa. Rangi inaendelea kuwa ngumu kwa siku kadhaa, na kwenye baridi ya Mbulu huchukua zaidi. Lipe gari wiki. Najua marejesho ya mkopo hayangoji wiki na tajiri anataka hesabu kila jioni. Kwa hiyo fanya mlango mmoja kwa wakati mmoja, gari liendelee na kazi likiwa na paneli tatu, na tundu la mlango ulifunike kwa turubai safi iliyobanwa vizuri. Abiria atauliza. Mwambie paneli iko nyumbani inakomaa. Ataelewa kuliko unavyodhani; watu wa huku wanajua kungoja mahindi.

Siku ya mwisho, kabla hujaenda stendi, fanya jaribio la gauni. Chagua saa sita, gari likiwa limeegeshwa juani madirisha yamefungwa. Bandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi mahali pasipoonekana, kibonyeze, kivute kwa nguvu. Kikitoka na rangi, umerudi darasa la kwanza, na darasa la kwanza ni sabuni. Kikitoka kitupu, chukua leso nyeupe, ilowanishe kwa maji yenye chumvi kidogo kama jasho, ikamue, na uisugue kwenye mlango pale kiwiko kinapokaa, mara hamsini, ukiegemeza uzito wa mwili. Ifungue leso uitazame.

Ikiwa bado nyeupe, mwite mama mwenye kiroba cha vitunguu saumu umpe kiti cha pembeni.